Bomba la majitaka kwanza, bango la utalii baadaye

Jimbo likitaka watalii, mara nyingi huanza na nembo, kaulimbiu na banda kwenye maonyesho. Mwekezaji mwenye fedha hayaulizi hayo. Anauliza ardhi ni ya nani, maji yanatoka wapi na majitaka yanakwenda wapi. Akijibiwa kwa maneno matupu badala ya karatasi zenye mhuri, anaaga.

Ardhi ndiyo kazi kubwa. Kabla ya kutangaza zabuni, serikali ya jimbo ipime kiwanja, ilipe fidia, imalize tathmini ya mazingira na iandike kinachoruhusiwa: ghorofa ngapi, vyumba visizidi vingapi, jengo likae umbali gani kutoka ufukweni. Kazi hii inachosha na haina utepe wa kukata, ndiyo maana hurukwa. Ikirukwa, mshindi wa zabuni huishia mahakamani na watu waliokuta shamba lao limegawiwa, na hakuna benki yenye akili itakayokopesha juu ya ardhi yenye kesi.

Majitaka nayo yana hesabu yake. Hoteli ya vyumba 150 ikijaa ina wageni 300 hivi. Kadiria lita 300 kwa kila mgeni kwa siku, pamoja na jiko, dobi na bwawa, unapata lita 90,000. Hoteli kumi za namna hiyo ni meta za ujazo 900 kila siku. Kosa la kawaida ni kujenga mtambo kwa wastani wa mwaka. Mtambo huo hufanya kazi vizuri miezi kumi, kisha huzidiwa msimu wageni wanapofurika, na uchafu huteremka pale pale wanapoogelea.

Bilbao, mji wa Hispania, husifiwa kwa jumba la makumbusho ya sanaa la Guggenheim, lililofunguliwa Oktoba 1997 na kugharimu mamlaka za Basque, eneo uliko mji huo, takriban dola milioni 100 kwa ujenzi peke yake. Wanaoliiga husahau yaliyotangulia. Kazi ya kusafisha mto ilikuwa ikiendelea tangu miaka ya 1980, na metro, yaani treni ya chini ya ardhi, ilianza kubeba abiria mwaka 1995. Mwaka 1992 iliundwa kampuni ya umma, Bilbao Ría 2000, ikakabidhiwa ardhi zilizoachwa na bandari na reli. Ilibadilisha matumizi ya ardhi hiyo, ikauza viwanja kwa waendelezaji binafsi, na fedha zikarudi kwenye bustani, barabara na reli. Kwa maoni yangu, kampuni hiyo ndiyo ya kuigwa, kuliko jumba lenyewe.

Sasa mkataba. Malipo kwa jimbo yawe na sehemu mbili: kodi isiyobadilika ya ardhi, na asilimia ya mauzo ghafi, yaani mapato yote kabla ya kutoa gharama. Usikubali asilimia ya faida. Chukua hoteli iliyouza 100. Uendeshaji unakula 65, ada ya usimamizi kwa kampuni dada 10, riba ya mkopo uliotoka kwa mwenye hisa mwenyewe 22. Faida ni 3. Asilimia 10 ya faida hiyo ni 0.3, ilhali asilimia 4 tu ya mauzo ingekuwa 4. Hakuna aliyeiba, mkataba uliandikwa vibaya.

Weka pia ratiba yenye meno: msingi ndani ya miezi 12, jengo kuezekwa ndani ya 24, wageni wa kwanza ndani ya 36, na dhamana ya benki ambayo jimbo linaichukua hatua ikikosekana bila sababu. Bila hayo utapata mlanguzi anayezungushia kiwanja mabati na kusubiri bei ipande. Muda wa mkataba uzidi muda wa mkopo: mkopo wa miaka 15 haupatikani kwa ardhi iliyokodishwa miaka 10. Lakini mkataba mrefu una ugonjwa wake, maana miaka mitano ya mwisho mwekezaji huacha kukarabati. Dawa yake ni akaunti ya matengenezo inayokatwa sehemu ya mauzo kila mwaka, na ukaguzi wa pamoja kabla jengo halijarudishwa.

Usafiri wa anga ndipo fedha za umma hupotea kwa kishindo. Uwanja wa ndege wa Castellón, Hispania, ulizinduliwa Machi 2011, na ndege ya kwanza ya ratiba ikatua Septemba 2015. Kama ni lazima kuchangia njia mpya, lipia abiria waliotua na si viti vilivyoahidiwa, punguza kiwango kila mwaka, na usivuke miaka mitatu.

Tozo ya utalii inalipa matangazo na matengenezo ikibebwa na wote. Visiwa vya Balearic, Hispania, vilianza kuitoza mwaka 2002 kwenye malazi yaliyosajiliwa, huku nyumba nyingi zilizopangishwa kienyeji zikipita bila kulipa. Wenye hoteli walipigana nayo, ikafutwa mwaka 2003. Iliporudi mwaka 2016 iligusa hadi nyumba za likizo na meli za kitalii, na kisheria fedha zikatengewa miradi maalumu.

Kuhusu matangazo, sina mengi. Jimbo litoe fedha pale tu hoteli nazo zinapochangia, na kila mkataba wa ardhi umlazimishe mwekezaji kuleta, kila mwezi, idadi ya usiku uliouzwa na nchi walikotoka wageni. Jimbo lisilo na takwimu hizo litalipia mabango ya mwezi ambao vitanda vilikuwa vimeshajaa.