Kilomita elfu moja kufuata dafu

Mama alivuta funda moja, akautoa mrija mdomoni, akanitazama.

"Umelipa ngapi?"

"Rial moja."

Akalitikisa sikioni, akaligonga kwa ukucha, kisha akalirudisha mezani kwa yule kijana muuzaji. "Basi umeliwa, mwanangu. Hili si dafu. Hili koroma."

Rial moja ni zaidi ya shilingi elfu sita za Tanzania. Tulikuwa watu sita ndani ya gari, na kila mmoja alishashika lake mkononi. Piga hesabu mwenyewe.

Tulitoka Maskati jana yake alfajiri. Julai ya Maskati haielezeki kwa mtu wa kwetu: saa sita usiku unafungua bomba la maji baridi, yanatoka ya kuchemshia chai. Ndiyo maana kila mwaka watu humiminika Salalah, kusini kabisa mwa Oman, kufuata kharifu. Hiyo ni miezi mitatu ambayo kalenda yao inaihesabu tangu tarehe 21 Juni hadi 21 Septemba, milima ya Dhofar inapovaa kijani na manyunyu hayakatiki. Ni kama kilomita elfu moja kwa barabara: Nizwa, Adam, Haima, Thumrait. Ukishapita Adam ni jangwa tupu, na jangwa sina hadithi nalo. Nitataja choo kimoja cha kituo cha mafuta ambacho mama alikiangalia kutoka mlangoni, akasema atavumilia. Akavumilia kilomita mia mbili.

Safari hii mume wangu alikuja na nia. Alisema mwaka huu hatuendi kupiga picha kwenye ukungu tu. Tutanunua vya mashambani, hela yetu iingie mkononi mwa anayelima, isiishie supamaketi. Nikaona sawa. Salalah ndiko ambako minazi, migomba na mipapai inaota pamoja kama kwetu, kwenye ukanda mwembamba baina ya bahari na mlima. Ukipita Dahariz au Hafa unakuta vibanda vya makuti vimejipanga kando ya barabara. Kila kimoja kimening'iniza mikungu ya ndizi, na chini yake mapapai, ambayo wao huyaita fafai, miwa, na lundo la madafu. Dafu kule jina lake mashli.

Tatizo ni hilo jina moja. Kwao kila kitu kibichi chenye maji ni mashli. Mama yangu ni mtu wa Wete, na Pemba huwezi kumwuzia mtu mzima jina moja kwa vitu vitano. Pale pale kibandani akamgeukia mwanangu wa mwisho, mwenye miaka saba, akaanza darsa: "Kwanza upunga. Halafu kidaka. Halafu kitale. Halafu dafu. Halafu koroma. Halafu ndiyo nazi. Koroma maji yake yameshaanza kuchacha ulimini, na nyama yake ngumu kwa kijiko, laini kwa mbuzi. Halinyweki, halikuniki. Ndilo wanalowauzia wageni."

Kijana wa kibandani alikuwa anatabasamu muda wote. Hakuelewa neno, lakini nadhani sauti aliielewa.

Tukanunua na ndizi, chane mbili, kwa sababu ndizi za Salalah fupifupi zina sifa yake na mimi nilizitamani tangu Haima. Zile tulizopewa zilikuwa ndefu, zimenyooka, za manjano kama zimepakwa rangi. Nilipaswa kushtuka. Hatujafika mbali, mtoto akaniuliza kutoka nyuma, "Mama, mbona ndizi hii ina stika?" Nikamwambia asome. Akaisoma silabi kwa silabi: Phi-lip-pines.

Ndizi ile imepanda meli, imevuka bahari, imepakiwa lori, imekuja kuuzwa nje ya ukuta wa shamba la migomba. Mume wangu alicheka mpaka akaegesha gari. Mama hakucheka. Alisema, "Geuza gari."

Hatukurudi kibandani. Mama alitaka twende nyuma ya vibanda, kule minazi ilikochomoza juu ya kuta. Tukaingia kichochoro cha udongo kilicholowa, tairi zinateleza, mpaka kwenye geti la chuma lililoachwa wazi nusu. Ndani, barazani, kakaa mzee mmoja na kikoi chake, miguu peku, birika la chai pembeni. Mama akaninong'oneza kwamba angemkuta mzee huyu Wete, angempita bila kugeuka mara ya pili.

Nikamsalimia kwa Kiarabu. Alipotusikia tunasemezana wenyewe kwa wenyewe, uso ukamfunguka. "Karibu! Karibu sana!" Hayo ndiyo maneno aliyokuwa nayo, pamoja na "habari" na tusi moja ambalo alilitamka kwa furaha bila kujua uzito wake. Alijifunza jeshini miaka ya sabini, kwa wenzake waliokuja kutoka Unguja. Mama alijifanya hakulisikia tusi.

Tukamweleza habari ya ndizi yenye stika. Hakushangaa. Alisema vibanda vingi vimekodishwa, wenye kuviendesha si wenye mashamba, na wageni wa kharifu ni wengi kuliko ndizi. Shamba haliongezi mkungu kwa sababu watu wa Maskati wamefika. Lori la soko la jumla linaongeza. Yeye mwenyewe ndizi zake huchukuliwa mapema na wanaomjua. Akatuonyesha upande wa kushoto, juu ya ukuta, jengo la ghorofa nne lenye madirisha ya bluu. Lilikuwa shamba la jirani yake, watoto wakaliuza. Na upande wa pili kuna kisima ambacho, alisema, maji yake sasa yana ladha ya chumvi, kwa sababu kila mtu anavuta na bahari iko pale pale.

Nililitazama lile jengo kwa haya kidogo. Fleti tuliyopanga sisi ilikuwa kwenye jengo la namna hiyo hiyo, mitaa miwili mbele, rial hamsini kwa usiku, taulo mbili kwa watu sita, na harufu ya unyevu kwenye mapazia. Nje ya msimu, mlinzi aliniambia, chumba kile ni rial kumi na tano. Huenda tulikuwa tunalala juu ya migomba ya mtu.

Mama alikuwa hatusikilizi. Alishaingia shambani. Minazi juu, migomba katikati, mipapai pembezoni, na mifereji ya maji inapita chini. Alitembea mule ndani huku anagusagusa magome kama anasalimia watu. Kisha akasimama, akainua kichwa. Juu ya mnazi kulikuwa na mtu.

Alikuwa mfanyakazi wa shamba, mtu wa makamo kutoka Kerala. Alikuwa amejizungusha kamba yeye na mnazi, anaangua. Mama alichoshangaa ni mti wenyewe. "Huu mnazi hauna vidato! Anakanyaga wapi?" Kwetu mnazi unachanjwa kwa panga, hatua kwa hatua, mkwezi aweke vidole vya miguu. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne na siku ile ndiyo kwanza nilifikiria kwamba wizara ya elimu ililitoa neno lile mnazini.

Yule mtu alipotua, mama akaokota nazi moja kavu, akamnyooshea. "Nazi," akasema, polepole, kama anavyosema na wajukuu.

"Thenga," akajibu yule mtu.

"Tenga? Tenga la nini? Nazi!"

"Thenga!"

"Tenga ni la samaki, baba wewe! Hii nazi!"

Wakaendelea hivyo kwa muda nisioweza kuuhesabu. Ilibidi mume wangu aingilie, akamweleza mama kwamba kwa lugha ya yule bwana nazi ndiyo inaitwa hivyo. Mama akaikubali taarifa hiyo kama mtu anavyokubali taarifa ya msiba wa mbali.

Kisha akataka kuifua. Akaniuliza kifuo kiko wapi; nikamwambia hapa watu wanatumia panga, tusisumbue. Yeye akaweka ngumi moja juu ya nyingine, akainama, akaigiza mtu anayekandamiza nazi na kuizungusha. Yule wa Kerala akapiga makofi mara moja, akatuongoza nyuma ya banda la zana. Pale ardhini palikuwa na mti wa chuma uliosimikwa, ncha juu, urefu wa magoti. Kifuo. Alikitengeneza mwenyewe, kwa sababu kwao pia nazi inafuliwa hivyo, na panga analiona la wavivu.

Nilimwona mama yangu, mwenye miaka sitini na minane na magoti yanayolalamika kila ngazi, anajifunga leso kiunoni juu ya baibui. Akaishika nazi kwa mikono miwili. Chwa! Akapinda. Chwa! Akapinda. Mara ya tatu kumbi lote likafunguka kama koti. Akaiweka chini. Yule bwana akachukua ya kwake, akaimaliza kwa mapigo matatu na yeye. Mama akachukua nyingine. Hawakuwa wanasemezana tena. Mzee mwenye shamba alikuja na birika la chai na simu, akataka kurekodi, mama akasema bila kuinua kichwa, "Mwambie aiweke simu," nikamwambia, akaiweka.

Walifua nazi arobaini. Kila moja baisa mia tatu, na baisa elfu ndiyo rial moja; jumla rial kumi na mbili, na mzee akatuongeza mkungu wa ndizi fupi na hakutaka kusikia habari ya malipo. Nilimpa yule mfanyakazi rial mbili pembeni. Alizipokea, akaziangalia, akamwonyesha mama kifuo chake kwa kidole, kama anayesema kipo, njoo tena.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa ukungu, foleni ya magari kupanda mlima wa Ittin, na ngamia katikati ya barabara. Tulifika pia Al Baleed, magofu ya mji wa zamani kando ya bahari. Mwanazuoni Ibn Battuta alifika mji huu kwa jahazi akitokea Kilwa, katika karne ya kumi na nne. Naye alisimulia nazi kwa urefu: akaifananisha na kichwa cha mtu, macho mawili na mdomo, na makumbi kama nywele. Mwanangu akazigeuza nazi zetu garini zote zitazame nyuma.

Ibn Battuta alikuja kwa upepo huu huu. Mama aliutambua jioni ya kwanza, tumekaa ufukweni Dahariz na mawimbi hayasogeleki. "Hii kusi," alisema. Ni kweli. Kusi inayowaweka wavuvi wa Pemba nchi kavu ndiyo inayopanda mpaka Dhofar na kugonga ile milima, ikamwaga manyunyu ambayo watu wa Maskati tunayalipia rial hamsini kwa usiku.

Njiani kurudi nilikuwa na mambo kichwani. Nyumbani Seeb, pembeni mwa Maskati, napikia tui la kopo. Mama ana minazi thelathini na kitu Wete, na kila nikimwuliza anasema nazi zinaanguka zenyewe, hakuna wa kukwea. Nimeendesha kilomita elfu moja kumtafuta mkulima wa kumuunga mkono, na mkulima analala chumba cha pili nyumbani kwangu. Mume wangu nilipomwambia hivyo alisema nimechoka, nile ndizi.

Haima tulisimama kujaza mafuta, saa nne usiku, joto limerudi lote. Mama akampigia simu mjomba Wete, akaweka spika. Mkwezi je? Ameuza panga, anaendesha bodaboda Unguja. Nazi je? Zinaokotwa, zingine watoto wanazila. Bei je? Mjomba akataja bei ya huko, akalalamika kidogo, kisha akauliza, "Na huko mlikokwenda, dafu mnauziwaje?"

Mama akamwambia. Mjomba akanyamaza. Kisha akasema, "Kwa sita?"

"Kwa moja. Na lenyewe koroma."

Tulimsikia anamwita mkewe aje asikie, halafu kicheko, kicheko cha watu wawili, mpaka salio likaisha.