Daraja la Maimamu na Hisa za Baghdad

Jioni ya tarehe 31 Agosti 2005 nilikuwa barazani na babu yangu, tukisikiliza redio yake ndogo ya betri ambayo antena yake ilikuwa imeungwa kwa waya, tulipopata habari za Baghdad. Umati wa Washia waliokuwa wakienda ziara kwenye kaburi la Imamu Musa al-Kadhim ulikumbwa na taharuki juu ya daraja, baada ya kuenea uvumi kwamba miongoni mwao yumo mtu aliyejifunga bomu. Watu walikanyagana, vyuma vya kingo vikaachia, na wengi wakatumbukia katika mto Tigris. Waliokufa walizidi 900. Babu, ambaye alikuwa Msunni wa madhehebu ya Shafi kama sisi sote nyumbani, alisoma Fatiha kisha akaniuliza: "Na hao wa ng'ambo ya pili walifanya nini, mjukuu wangu?" Sikuwa na jibu.

Daraja hilo huitwa Daraja la Maimamu. Upande mmoja ni Kadhimiya, mtaa wa Washia; upande wa pili ni Adhamiya, mtaa wa Wasunni, alikozikwa Imamu Abu Hanifa. Nilikuja kujua baadaye sana kwamba vijana wa Adhamiya walijitosa mtoni kuwaokoa waliokuwa wakizama. Mmoja wao, Othman Ali al-Obeidi, aliwatoa watu kadhaa, akarudi majini tena na tena hadi nguvu zikamwishia, naye akazama. Jina lake nimelifikiria mara nyingi. Othman ni jina ambalo kule huhesabiwa kuwa la Kisunni, na Ali, jina la baba yake, ni la imamu wa kwanza wa Washia. Msomaji wa pwani yetu hawezi kuona ajabu yoyote, kwa kuwa darasani kwake Omari na Ali walikaa dawati moja. Baghdad nayo ilikuwa na nyumba nyingi za namna hiyo. Hata hivyo, haukupita muda mrefu kabla watu walioitwa Omar, jina jingine linalohesabiwa kuwa la Kisunni, hawajaanza kutafuta vitambulisho vya bandia ili wavuke vizuizi vya barabarani wakiwa hai.

Wengi hueleza mgeuko huo kwa kusema kwamba Wasunni na Washia wana uadui wa miaka 1,400. Siyakubali maelezo hayo, na naona yamesababisha madhara makubwa kila yalipoaminiwa na watu wenye madaraka. Sisemi kwamba Iraki ya Saddam Hussein ilikuwa nchi ya udugu: mwaka 1988 Wakurdi wa Halabja walipigwa kwa gesi ya sumu, na mwaka 1991 maelfu ya Washia waliouawa kusini walizikwa katika makaburi ya halaiki. Lakini huo ulikuwa ukatili wa dola dhidi ya raia wake. Jirani kumchinja jirani yake ni jambo jingine, na lina historia yake fupi.

Mwezi Mei 2003, baada ya Marekani kuivamia Iraki na kumwangusha Saddam, Paul Bremer, msimamizi aliyewekwa na Marekani, alitoa amri mbili kwa muda wa wiki moja: ya kwanza iliwaondoa kazini wanachama wa ngazi za juu wa Baath, chama cha Saddam, na ya pili ikalivunja jeshi, hivyo mamia ya maelfu ya wanaume waliozoea silaha wakabaki bila mshahara. Mwezi Julai likaundwa Baraza la Uongozi lenye watu 25: Washia 13, Waarabu wa Kisunni watano, Wakurdi watano, Mturukimani mmoja na Mwashuri mmoja. Katika wale 13 alihesabiwa pia katibu mkuu wa Chama cha Kikomunisti, kwa sababu tu ya nyumba aliyozaliwa. Wairaki huuita mgao huo *muhasasa*, neno lenye asili moja na neno letu "hisa". Madhehebu yaliyokuwa njia ya mtu kuswali na kuzika wafu wake yakawa hisa ya wizara, na mwanasiasa asiye na sera akapata sababu ya kuwatisha watu wake kwamba wengine watakula fungu lao.

Al-Qaida ilipoliripua kuba la dhahabu la msikiti wa al-Askari, mahali patakatifu pa Washia, mjini Samarra tarehe 22 Februari 2006, mauaji yalienea mtaa kwa mtaa. Mwezi Mei mwaka huohuo Joe Biden, akiwa seneta, alipendekeza pamoja na Leslie Gelb, mtaalamu wa siasa za nje, kwamba Iraki igawanywe katika majimbo matatu yenye mamlaka makubwa, la Wakurdi, la Wasunni na la Washia. Ningependa kujua Othman Ali angepangiwa makazi wapi, yeye na ndoa zote za mchanganyiko za mji ule. Mwaka 2007 askari wa Marekani walianza kuizungushia Adhamiya ukuta wa zege, na wakazi wakaandamana kuupinga. Mauaji yalipungua baadaye, nami siwezi kuipuuza nafuu hiyo. Ila watu wengi walikuwa wamekwisha kuhama, na mitaa iliyokuwa ya wote ikabaki ya upande mmoja. Majirani wa Iraki nao hawakuwa bora: Iran ililisha wanamgambo wake, na fedha na vijana wa kupigana upande wa pili walitoka katika nchi za Kiarabu.

Daraja la Maimamu lilifunguliwa tena Novemba 2008. Kisha, Oktoba 2019, vijana wa Baghdad na wa miji ya kusini, wengi wao Washia, waliandamana dhidi ya serikali iliyoongozwa na Washia, wakipaza sauti kwamba wanataka nchi na kuukataa mgao wa hisa. Mjini Najaf walichoma ubalozi mdogo wa Iran. Katika uwanja wa Tahrir wa Baghdad, bajaji kama hizi zetu ziliwabeba majeruhi kupitia moshi wa mabomu ya machozi hadi zikawa nembo ya maandamano. Mamia waliuawa kwa risasi.

Oktoba 2022 serikali mpya ikaundwa. Rais alikuwa Mkurdi, waziri mkuu alikuwa Mshia, na spika aliyekuwapo alikuwa Msunni.