"Sawa" ya jaribio la saba

Juzi nililala saa nane usiku na sijutii hata kidogo. Kuna kaprogramu kangu ka terminali, kazi yake kuchukua faili la kwiri za mwisho wa mwezi, yaani amri za kuingiza riba, na kuzirusha kwenye databesi ya saccos moja inayotumia Postgres, programu ya kutunza data, kwiri ikigonga mwamba kenyewe kanarudia kimyakimya mpaka mara 20, ikipita kanaandika "sawa". Mwaka mzima nasoma sawa, sawa, sawa, nafunga laptop naenda zangu. Dada wa dirishani kila mwisho wa mwezi ananiambia kaka mfumo unaganda, mimi namjibu mbona ripoti haina kosa hata moja. Inaniuma mpaka leo maana alikuwa anasema kweli kabisa.

Kilichonifumbua macho ni pgbench, ile ya kupimia mzigo inayokuja na Postgres yenyewe. Zamani, kabla ya toleo la 15 la mwaka 2022, muunganisho ukikutana na mgongano wa miamala (muamala ni kazi moja kamili ndani ya databesi) ulikuwa unakatwa palepale, siku hizi unaipa --max-tries, yaani kikomo cha majaribio, inarudia, halafu ripoti ya mwisho inakutajia miamala iliyoshindikana, miamala iliyorudiwa, na jumla ya marudio yote. Hapo pa kutenganisha hizo mbili za mwisho ndipo nilipopapenda sana, kwa sababu miamala 300 iliyorudiwa mara moja moja ni mafua tu, lakini miamala hiyohiyo 300 ikiwa na marudio 5,000 huo ni ugonjwa mwingine. Na muda wa muamala uliofanikiwa unahesabiwa pamoja na marudio yake yote, kwahiyo ukiangalia wastani wa muda peke yake huwezi kujua databesi imelemewa au watu wanagombania kitu kimoja.

Basi nikakaa nikaandika upya sehemu ya ripoti. Kila jaribio sasa linaacha alama: saa, muda uliotumika, namba ya kosa. Namba za makosa za Postgres, 40001 na 40P01, nimeziweka mbalimbali, ya kwanza ni miamala kugongana kwenye data ileile, ya pili ni miamala kukabana, kila mmoja kashika anachokitaka mwenzake, na Postgres usipoibadilishia mipangilio inasubiri sekunde 1 nzima ndo ianze kuchunguza nani kamkaba nani. Ukizichanganya kwenye kapu moja hujui sekunde zako zimeliwa wapi.

Nikaiendesha kwenye data ya majaribio, ikatoka hivi:

muamala 412: sawa, jaribio la 7, sekunde 3.9, 40001 mara 6

Nilikaa nikautazama huo mstari muda mrefu. Kwiri yenyewe inaongeza salio la tawi, na saccos ina tawi moja, yaani rekodi moja tu kwenye jedwali ambayo kila anayeweka au kutoa hela lazima aiguse, na sisi tunatumia serializable, ile hali kali inayotaka matokeo yawe kana kwamba miamala ilipita mmojammoja. Riba zangu na watu wa dirishani tulikuwa tunagombania mlango mmoja!!

Leo mwezi umeisha, nikachapisha ripoti ya kweli nikampelekea dada. Hakuuliza habari za namba za makosa, alishuka na safu ya saa taratibu, akaweka kidole kwenye saa tano na dakika kumi, akasema kaka, hapa ndo yule mzee aliondoka bila hela yake.

Kuanzia mwezi ujao riba zinapita usiku.