Pamba Nyeusi

Tangu asubuhi fundi anaupaka shelaki, ile vanishi ya mbao, mlango wa jirani, na harufu ya spiriti imefika hadi jikoni kwangu. Mtu mwingine angekumbuka samani mpya. Mimi namkumbuka Mjomba na ile santuri yake.

Kazi niliyopewa ilikuwa ndogo: kunakili maneno ya upande mmoja. Santuri ya inchi 10, taarabu ya Unguja ya enzi za mwimbaji Siti binti Saad, imejaa vumbi na alama za vidole. Mjomba alikwenda msikitini adhuhuri, nikaona niisafishe kabla hajarudi. Kichwa cha redio kaseti nilikuwa nakifuta kwa spiriti na kinang'aa, kwa nini santuri ising'ae? Nikachovya pamba, nikaipitisha kufuata mifereji, taratibu kama anayempaka mtoto mafuta. Ikatoka nyeusi. Nikafurahi: kumbe uchafu wote huu! Nikachovya nyingine, nikarudia palepale. Nyeusi tena, na safari hii inanata vidoleni. Nikaipeleka santuri dirishani. Pote nilipopita mng'aro umekufa, umebaki ukungu, upana wa vidole viwili.

Mjomba hakuhitaji kuelezwa. Alifika mlangoni, akanusa.

"Umeifuta sauti," akasema.

Santuri za mizunguko 78 kwa dakika si za plastiki. Ni shelaki, utomvu wa wadudu wa kule India, iliyochanganywa na unga wa mawe na rangi nyeusi. Ndiyo hiyohiyo seremala anayoiyeyusha kwa spiriti. Huoshwa kwa maji yasiyo moto na tone la sabuni, kitambaa laini kikifuata mifereji, karatasi ya katikati isilowe. Kisha husimamishwa kivulini, maana jua huipinda. Sindano ya chuma nayo ni ya upande mmoja tu. Ule unga wa mawe huisaga mpaka ilingane na mfereji, na ukiirudia, kingo zake zilizochongeka ndizo zitakazoila santuri nyingine. Wala usijaribu sindano ya LP, zile santuri za plastiki zilizokuja baadaye: ni nyembamba mno, hutumbukia hadi chini ya mfereji na kuokota taka badala ya wimbo.

Mjomba akafunga sindano mpya, akalitia ufunguo gramafoni. Beti mbili safi. Wa tatu, mwishoni, mvua juu ya bati, na neno la mwisho halimo.

"Basi pima," akaniambia.

Akanifundisha kwa ubeti ambao Unguja nzima inaujua, ule wa Siti. Binti wa wafinyanzi wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu, alihamia mjini mwaka 1911, na alipopata jina walimtungia wimbo wa kumkumbusha kaniki aliyokuja nayo. Majibu yake yakaishia hivi: *Hasara ya mtu kukosa akili*. Hesabu: mizani, yaani silabi, sita, pumziko, sita tena. Mishororo mitatu ya namna hiyo, yote inaishia *-li*. "Sasa tuseme spiriti imekula neno la mwisho," Mjomba akasema. "Mizani tatu, kina *-li*. Utaweka nini?"

Nikaweka *asili*.

Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Mizani imetimia, kina kimetimia, na nimewapa ushindi waliomcheka! Tena mikwaruzo ya santuri husikika kama herufi *s*, kwa hiyo hata sikio lingeapa kuwa ni *asili*.

Nikamwuliza kwa nini tusitafute maandishi ya mtunzi. Lebo ilitaja mwimbaji tu. Siti mwenyewe hakujua kusoma, na wanamuziki wake, akina Mbaruku, Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo na Maalim Shaabani, walitunga nyimbo nyingi pamoja: habari inaingia kutoka mtaani au mahakamani, mmoja anatoa mshororo, mwingine anaurekebisha. Kesi ya Kijiti iliingia hivyo. Mwuaji, huyo Kijiti, katoroka, walioadhibiwa ni wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Mwaka 1928 walipokwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya santuri ya His Master's Voice, maneno yalisafiri vichwani. Na huko kila upande ulikuwa na dakika kama tatu, kwa wimbo ambao nyumbani hauna saa. Mimi naamini kuchagua beti za kuacha kulikuwa utunzi wa pili.

Bibi alikuwa chumba cha pili akichambua mchele. Mjomba akamwimbia ubeti wetu hadi penye tundu, naye akaumalizia bila kuinua uso. Tukaandika. Jioni akauimba tena peke yake, na neno lilikuwa jingine, mizani ileile, kina kilekile. Tulipomwuliza lipi ndilo, alikasirika: yote mawili ndilo.

Daftari ninalo. Maneno mawili, alama ya mkwaju katikati, kwa penseli.