Moshi mweusi ni madini yanayopotea

Ukiona picha ya dohani la chini ya bahari, yaani bomba la madini linalotoa maji moto sakafuni, likifuka moshi mweusi, usidhani unaona mgodi ukijengeka. Moshi ule ni chembechembe za salfaidi (misombo ya salfa) za chuma, shaba na zinki zinazotawanyika majini, na sehemu kubwa ya metali inayotoka ardhini huishia hivyo.

Chanzo chake ni maji ya bahari yanayopenya kwenye nyufa za basalti, mwamba wa volkano, hadi karibu na magma, yaani mwamba ulioyeyuka. Huko chini mwamba hunyonya magnesiamu yake, nayo yanageuka tindikali. Yakishafika nyuzi 350 au zaidi, huzinyofoa metali kutoka kwenye mwamba na kuzibeba kwa msaada wa kloridi iliyomo kwenye chumvi yake. Hayachemki kirahisi, maana kwenye kina cha mita 2,500 shinikizo ni kama mara 250 ya lile la hewa ya ufukweni.

Mdomoni mwa dohani yanakutana na maji ya nyuzi 2 hivi. Kinachoganda kwanza kwenye ukuta wa dohani ni anhidraiti (salfeti ya kalsiamu), wala si metali. Ukuta huo ukishazuia baridi, kalkopiraiti yenye shaba hujipaka upande wa ndani, na zinki hukaa nje, penye joto dogo. Kasoro yake ni kwamba anhidraiti huyeyuka majini joto likishuka chini ya nyuzi 150 hivi, kwa hiyo chemchemi ikipoa, dohani hudhoofika na kuporomoka.

Vifusi hivyo ndivyo vinavyorundikana. Maji moto mapya yakipita ndani ya lundo, huyeyusha metali na kuzihamishia juu. Lundo liitwalo TAG katika Atlantiki, lenye kipenyo cha mita 200 hivi, lilipochorongwa mwaka 1994, shaba na zinki zilionekana zimejaa karibu na uso. Chini yake ni piraiti (madini ya chuma na salfa), anhidraiti na kwatzi tupu. Anayepima utajiri kwa vipande vya dohani peke yake anajidanganya.

Na lundo likiachwa wazi, oksijeni ya majini hulila kwa kutu, isipokuwa lava au matope yaliwahi kulifunika. Katika Bahari ya Shamu, bonde la Atlantis II limeepuka hasara hiyo kwa njia nyingine: maji mazito ya chumvi yametuama sakafuni, metali hazipeperuki, zinashuka na kuwa tope.