Yerusalemu, Mji wa Zamu

Wengi walionitangulia kuhiji Yerusalemu walirudi na habari za machozi na amani ya moyo, nami siwakanushi, kwa kuwa machozi niliyatoa na amani niliipata kwa kiasi changu. Lakini nilipokwenda huko katika Kwaresima ya mwaka 2019, pamoja na kikundi cha mahujaji Wakatoliki kutoka Tanga na Dar es Salaam, jambo lililonishika kuliko yote lilikuwa utaratibu: nani anasali mahali gani, saa ngapi, akiingilia mlango upi, na ni nani anayeshika ufunguo wa mlango huo. Nilikawia kuandika kwa kudhani kwamba jambo hilo lingekuja kuonekana dogo mbele ya Golgota na Kaburi la Bwana. Halikuonekana dogo, na vita vilivyozuka mwaka 2023 vimenifanya nilifikirie zaidi.

Niseme pia kwamba sikwenda na macho ya Kikristo peke yake. Upande wote wa mama yangu ni Waislamu wa Pangani, na nilipokwenda kumuaga mjomba, baada ya shikamoo na marahaba, aliniambia: “Mwanangu, huko uendako sisi twakuita Baitul Muqaddas. Ndicho kibla chetu cha kwanza, na ndiko Mtume alikopaa usiku wa Miraji. Usije ukanirudia na habari za makanisa tu.” Nikamwahidi.

Mji Mkongwe wa Yerusalemu ni mdogo mno ukilinganishwa na sifa zake. Haufiki hata kilomita moja ya mraba. Umezungukwa na ukuta uliojengwa kwa amri ya Sultani Suleiman wa Uthmaniya, dola ya Waturuki, kati ya mwaka 1537 na 1541, na ndani yake mna mtaa wa Waislamu, wa Wakristo, wa Wayahudi na wa Waarmenia. Kutoka Ukuta wa Maombolezo, wanaposali Wayahudi, hadi Kaburi la Bwana ni mwendo wa robo saa tu kwa mtu asiye na haraka, akipita vichochoro vya ngazi za mawe yaliyosuguliwa na nyayo hadi yakawa yanateleza, na maduka ambamo rozari za mzeituni, tasbihi na vinara vya Kiyahudi vya matawi saba vimepangwa juu ya meza moja, na bei ya vyote hushuka kwa nusu ukijifanya unaondoka. Mji ukiwa mdogo hivyo, na kila mtu akiwa anadai sehemu ileile kwa ibada yake, zamu haikwepeki.

Barabara ya Al-Wad, inayoshuka kutoka Lango la Dameski kuelekea Ukuta wa Maombolezo, ilinionyesha hilo katika alasiri moja ya Ijumaa. Mchana, waliotoka kuswali katika msikiti wa Al-Aqsa waliifurika barabara nzima: wazee wenye miswala mabegani, akina mama wakichagua mboga walizozitandaza chini wanawake wa vijijini, watoto wakitafuna mikate ya ufuta. Ilipofika saa tisa, Wafransisko, watawa wa Kikatoliki, walianza Njia ya Msalaba katika ua wa shule iliyo upande wa Lango la Simba, nasi tukawafuata tukiimba, tukashuka barabara ileile hadi kituo cha tano, pale Simoni Mkirene aliposhurutishwa kuubeba msalaba. Kirene ilikuwa katika nchi iitwayo leo Libya, na katika kikundi chetu sikumwona mtu aliyepita hapo bila kuligusa jiwe la ukutani, kana kwamba anampa mkono ndugu. Kabla jua halijazama, ikawa zamu ya Wayahudi: wanaume wenye makoti meusi na kofia pana, wakiwa wamewashika watoto mikono, wakiharakisha kwenda Ukutani kuipokea Sabato. Makundi hayo matatu hayakusalimiana wala kuzuiana, na askari wenye bunduki walisimama kila kona.

Aliyekulia katika nyumba ya kupanga, yenye vyumba sita na ua mmoja, ataelewa haraka kuliko msomi yeyote. Wapangaji hao hawahitaji kupendana. Wanahitaji kujua ni zamu ya nani kufagia, kamba ipi ni ya nani kuanikia nguo, na ni nani anayefunga lango usiku.

Kanisa la Kaburi Takatifu, ambalo ndani yake mna Golgota na kaburi lenyewe, limegawanywa kwa madhehebu sita: Waorthodoksi wa Kigiriki, Wakatoliki kupitia Wafransisko, Waarmenia, Wakopti wa Misri, Waorthodoksi wa Siria na Waethiopia. Mlango wa kuingilia ni mmoja, na ufunguo wake wa chuma, wenye urefu wa karibu sentimita 30, uko mikononi mwa familia mbili za Kiislamu: akina Joudeh huutunza ufunguo, na akina Nuseibeh hufungua na kufunga. Desturi hiyo huhesabiwa tangu zama za Salahuddin, aliyeutwaa mji mwaka 1187, ingawa akina Nuseibeh huirudisha nyuma zaidi, hadi kwa Khalifa Umar. Tuliamka usiku kuiwahi Misa ya alfajiri, tukayaona kwa macho yetu. Mtawa aliyelala ndani alipitisha ngazi ndogo ya mbao katika kidirisha kilichomo mlangoni. Bawabu akaipokea, akafungua kufuli la chini, akapanda akafungua la juu, kisha akairudisha ngazi ndani kama ilivyotoka. Mama mmoja wa kikundi chetu alinung'unika kwa sauti kwamba haipendezi Wakristo kufunguliwa kanisa na watu wasio wa imani yao. Padre akamwuliza: “Basi ufunguo apewe nani kati ya hawa sita, mama?” Mama akanyamaza.

Ndani ya kanisa hilo kila nguzo, kila taa na kila kipande cha sakafu kina mwenyewe. Katika chumba cha kaburi, ambamo watu huingia wachache wachache wakiwa wameinama, zimening'inizwa taa 43: Wagiriki wana 13, Wakatoliki 13, Waarmenia 13 na Wakopti 4. Nilikuwa nimejiandaa kwa maombi marefu ya watu walionituma, lakini nilipopiga magoti na kuweka viganja juu ya marumaru, ambayo ni baridi na imelowa manukato ya mahujaji, mtawa aliyesimama mlangoni alikuwa tayari ananihimiza nitoke. Nikataja majina bila maelezo, na sidhani kwamba Mungu alikuwa akiyahitaji maelezo hayo. Misa yetu ilipangwa kwenye altare ya Wakatoliki juu ya Golgota, hatua chache tu kutoka altare ya Wagiriki, na katikati ya wimbo wetu wa “Mtakatifu” kukapanda kutoka chini sauti nzito za maandamano ya watawa wengine. Padre hakukasirika wala hakuongeza sauti. Alingoja wapite, akaendelea.

Utaratibu huo umeandikwa. Sultani wa Uthmaniya aliutolea amri mwaka 1757, ikathibitishwa tena mwaka 1852, kwamba kila mwenye haki abaki na alichokuwa nacho, na kwamba jambo la pamoja lisibadilishwe bila ya wenye sehemu hiyo kukubaliana. Matokeo yake, juu ya mlango mkuu, chini ya dirisha la ghorofa ya kwanza, imeegemezwa ngazi ya mbao ambayo inaonekana hata katika mchoro wa mwaka 1728, na ipo pale hadi leo kwa kuwa hakuna mwenye idhini ya kuiondoa. Mahujaji huicheka na kuipiga picha, nami niliicheka pia. Kilichonihuzunisha ni kibanda cha kaburi lenyewe, ambacho Waingereza walikifunga kwa mihimili ya chuma mwaka 1947 ili kisianguke, na kikabaki kimefungwa hivyo kwa takribani miaka 70, hadi madhehebu matatu makubwa yalipokubaliana kukikarabati. Kazi ikaanza mwaka 2016 na kumalizika mwaka 2017. Amani ya zamu huzuia ngumi, lakini haizibi nyufa. Na ngumi zenyewe haizizuii daima: juu ya paa, ambako watawa wa Ethiopia wanaishi katika vijumba vidogo vya udongo, kuna mgogoro mrefu kati yao na Wakopti, na mwaka 2002 mtawa mmoja wa Kikopti alipokisogeza kiti chake kivulini, zilipigwa ngumi hadi watu kadhaa wakapelekwa hospitali. Nilipanda huko nikamkuta mzee Mwethiopia amevaa shuka jeupe, anasoma kitabu chake cha ngozi huku ameegemea fimbo, na kwa haki nitasema kwamba katika mji wote sikuona mahali penye ufukara uliotulia namna ile.

Ukuta wa Maombolezo nitaupitia kwa ufupi, kwa sababu ibada yake ni rahisi kueleza. Ni sehemu ya ukuta uliouzunguka uwanja wa Hekalu lililobomolewa na Warumi mwaka 70. Wanaume wana upande wao na wanawake wao, na upande wetu wanawake ulikuwa mwembamba zaidi na wenye msongamano zaidi, jambo ambalo halikunishangaza. Niliandika karatasi yangu nikaisokomeza katika ufa uliokwisha kujaa karatasi za wengine. Huondolewa mara mbili kwa mwaka na kuzikwa Mlima wa Mizeituni.

Kando ya ukuta huo kuna daraja la mbao linalopanda hadi Lango la Wamaghribi, na hiyo ndiyo njia pekee ambayo asiye Mwislamu huruhusiwa kuingilia katika uwanja wa Al-Aqsa, kwa saa chache na kwa siku zisizo Ijumaa na Jumamosi. Hapo ulikuwapo ubao wa marabi wakuu wa Israeli unaowakumbusha Wayahudi kwamba sheria yao inawakataza kuingia, kwa sababu ya utakatifu wa mahali penyewe. Mgeni hatakiwi kusali humo, hivyo padre alituagiza tuache rozari na vitabu vya sala ndani ya basi. Uwanja una ukubwa wa hekta 14 hivi, una mizeituni na visima, na katikati umesimama Msikiti wa Kuba la Mwamba, uliokamilika mwaka 691 au 692 wakati wa Khalifa Abdul Malik, ambao dhahabu ya kuba lake iliwekwa upya miaka ya 1990 kwa gharama za Mfalme Hussein wa Jordan. Ndani hatukuingia, kwa kuwa Waislamu peke yao ndio wanaoingia. Nilijifunga kanga yangu vizuri, nikasimama mbali kidogo na ngazi, nikamsalimia Mtume wa mjomba wangu kimoyomoyo, jambo ambalo nadhani halimo katika orodha ya makatazo.

Habari iliyompendeza mjomba niliporudi haikuwa ya kuba hilo. Nje kidogo ya lango la magharibi liitwalo Bab al-Nazir kuna mtaa wa Waafrika weusi, wajukuu wa mahujaji waliotoka Chad, Nigeria, Sudan na Senegal, ambao baada ya Makka walipita Al-Quds, yaani Yerusalemu, kuikamilisha hija yao na hawakurudi tena makwao. Wanaishi katika nyumba mbili kongwe za wakfu zilizojengwa katika karne ya 13 kwa ajili ya mahujaji maskini, ambazo Waturuki walikuja kuzigeuza jela. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kizingitini alituuliza, kwa Kiarabu, kama sisi ni Wasudani. Alipoambiwa kwamba tumetoka Tanganyika na kwamba sisi ni Wakristo, alicheka, akasema karibuni, akaagiza kahawa yenye hiliki. Mjomba alinitaka nimweleze sura ya mzee huyo mara mbili.

Mlima wa Mizeituni ulikuwa na yake. Katika Kanisa la Baba Yetu, ambalo kuta zake zina vibao vya Sala ya Bwana katika lugha zaidi ya mia moja, tulikitafuta cha Kiswahili, tukaisali kwa pamoja mbele yake. Hatua chache kutoka hapo kuna kaburi moja la pangoni ambalo Wayahudi husema ni la nabii mke Hulda, Wakristo la Mtakatifu Pelagia, na Waislamu la Rabia al-Adawiyya. Kila dini imebaki na jina lake, nami naona ni vyema.

Yote niliyoyasifu hapo juu, hata hivyo, ni zamu za wale waliokwisha kuingia mjini. Tulipokwenda Bethlehemu, ambayo haifiki kilomita 10 kutoka Mji Mkongwe, basi letu lilipita kituo cha ukaguzi kwenye ukuta mrefu wa zege, askari akachungulia pasipoti zetu akatuachia. Katika karakana ya kuchonga mzeituni tulimkuta fundi Mpalestina, Mkatoliki kama sisi, mwenye vumbi la mbao hadi kwenye kope, ambaye mababu zake walikuwa Wakristo tangu zamani kuliko mtu yeyote katika kikundi chetu. Dada mmoja wa kwaya akamwuliza: “Kaka, wewe Kaburini huenda lini?” Akajibu kwamba huomba kibali cha Krismasi na cha Pasaka, na kwamba Pasaka iliyopita cha mkewe kilitoka, chake hakikutoka.