Mradi wa kupanga kwa Rust, wiki ya tatu: maelezo yamenifumania

Msimbo ulikamilika Jumanne usiku. Kilichobaki, nilijiambia, ni maelezo tu, kazi ya jioni moja na kikombe cha chai ya tangawizi. Leo ni Jumapili na ndiyo kwanza niko aya ya tatu.

Kwa aliyekosa mwanzo: ninaandika mwenyewe, kwa Rust, lugha ya kuandikia programu, ule upangaji wa kuunganisha (merge sort) ambao John von Neumann aliubuni mwaka 1945. Unaikata orodha katikati, unapanga kila nusu kwa njia hiyo hiyo, kisha unaunganisha nusu mbili kwa kulinganisha vitu vilivyo mbele: kilicho kidogo kinatangulia. Rust ina upangaji wake tayari, tena uliandikwa upya katika toleo la 1.81 la mwaka 2024, na wangu hautaushinda mbio hata siku moja. Ninachotaka mimi ni maktaba ndogo ya msimbo ambayo maelezo yake yote, hadi mifano, yako kwa Kiswahili, ili mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asikwame kwenye lugha kabla hajakwama kwenye hesabu.

Neno lililonitesa ni "thabiti". Upangaji huu una sifa moja nzuri: vitu vinavyolingana hubaki katika mfuatano uleule vilivyokuja nao. Nikaandika "upangaji huu ni thabiti", nikaenda kumsomea jirani yangu hapa Umoja, Nairobi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili ambaye kompyuta anazijua kwa kuzisikia. Akavaa miwani.

"Kijana wangu, thabiti ni kitu kisichotikisika. Kwani hizo nyingine huanguka?"

"Hapana, Mwalimu. Hizo nyingine huvuruga foleni."

"Basi si uandike hivyo?"

Nikaandika hivyo: *vinavyolingana havipitani kwenye foleni*. Na foleni ninayoijua vizuri ni ya steji. Tuseme matatu za njia ya 58 ya Buruburu na 33 ya Embakasi yamefika mjini yakiwa yamechanganyika. Ukiyapanga kwa namba ya njia, yale ya 58 yatakaa pamoja, lakini lililofika kwanza lazima libaki mbele ya lililofika baadaye. Ukikosea hapo, makanga watakuelimisha. Kila gari nikalipa jozi, namba ya njia na zamu ya kufika: (58, 1), (33, 2), (58, 3), (33, 4).

Mfano huo niliuweka ndani ya maelezo yenyewe. Hapo ndipo ninapoipendea Rust: mistari inayoanza kwa mikwaju mitatu ndiyo maelezo, na msimbo wa mfano ulio ndani yake huendeshwa pamoja na majaribio mengine ukitoa amri ya `cargo test`. Maelezo yakisema uongo, jaribio linaanguka.

Likaanguka.

Nilitarajia (33, 2), (33, 4), (58, 1), (58, 3). Nikapewa (33, 4), (33, 2), (58, 3), (58, 1). Kila gari la nyuma limempita mwenzake! Kwanza nilidhani nimekosea kuandika mfano. Nikaukagua mara mbili, kisha nikarudi kwenye msimbo niliouamini tangu Jumanne. Mahali pa kuunganisha nilikuwa nimesema cha upande wa kushoto kitangulie ikiwa `kushoto < kulia`, yaani kikiwa kidogo kuliko cha kulia, la sivyo kitangulie cha kulia. Vikilingana, basi, cha kulia kinapita. Dawa yake ilikuwa herufi moja: `<=`, kidogo au sawa.

Kinachoniudhi ni kwamba majaribio yangu yote ya awali yalikuwa yamepita, na yalikuwa na haki ya kupita. Yote yalikuwa ya namba tupu. 7 na 7 zikibadilishana nafasi, nani atajua?

Mengine ya wiki hii kwa haraka. Kompaila, programu inayogeuza msimbo uwe wa kuendeshwa na mashine, ilikataa katakata niazime vipande viwili vya orodha moja, vyote kwa kuandikia, kwa wakati mmoja. Amri ya `split_at_mut`, inayoikata orodha vipande viwili visivyogongana, ikamaliza ugomvi. Nilipoteza saa nzima nikishangaa kwa nini programu inajikokota, kumbe nilisahau `--release`, inayoiambia kompaila itengeneze programu ya kasi. Na kwenye maelezo nimeongeza onyo kwamba nafasi ya ziada ya kumbukumbu inahitajika wakati wa kuunganisha, maana hiyo ndiyo bei ya njia hii. Faida nimeiweka kwa tarakimu: kwa vitu 1,000,000 malinganisho hayafiki milioni 20, ilhali upangaji wa kuchomeka, unaosogeza kitu kimoja kimoja hadi nafasi yake, unaweza kukaribia bilioni 500 orodha ikija kinyumenyume.

Hata hivyo kuchomeka kuna kazi yake: kwa orodha fupi huwa kwepesi zaidi, na mpango wa wiki ijayo ni kukitumia kila orodha inapokuwa na vitu 20 au chini. Nimeshaona mtego. Ningekuwa nimekiweka mapema, magari yangu manne yangepangwa kwa kuchomeka, jaribio lingepita, na kosa la kuunganisha lingebaki limejificha humo. Kwa hiyo kabla sijagusa msimbo naongeza magari kwenye mfano yafike 24. Mwalimu ameomba namba 23 ya Kangemi nayo iwemo.